Chama cha Wanawake wa Saluni: Kazi Yake na Namna ya Kukianzisha

Kijitabu hiki ni cha msusi, mpaka hina, mpambaji wa maharusi, mtengeneza kucha na binti anayeosha vichwa saluni huku akijifunza kazi. Wengi wenu tayari mna mchezo wa kupeana fedha au kikoba. Ni jambo jema, msiliache. Lakini mchezo humsaidia mtu zamu yake inapofika, basi. Hauwezi kumkataza muuza duka kuwaletea dawa bandia, wala hautamtetea binti aliyefukuzwa kwa kuugua. Mambo hayo yanataka chama cha kazi yenyewe.

Wanawake wa kazi hii waliligundua hilo zamani. Mwaka 1917 Madam C. J. Walker wa Marekani, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 na wazazi waliotoka utumwani, aliwakusanya Philadelphia mawakala wake wapatao 200. Yeye mwenyewe alikuwa amefua nguo za watu kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuuza dawa za nywele. Katika mkutano ule alitoa zawadi kwa waliouza zaidi, na pia kwa waliosaidia zaidi katika jamii zao. Kabla ya kutawanyika, wanawake hao walimpelekea Rais Woodrow Wilson telegramu wakitaka watu weusi walindwe na sheria, kwani miezi michache tu nyuma weusi wengi walikuwa wameuawa East St. Louis. Msusi mmoja asingesikika hadi kwa Rais. Walisikika kwa sababu walisema kwa pamoja.

Kazi ya kwanza: usalama

Tunaanza na usalama kwa sababu ndipo madhara yanapotokea kila siku, na ndipo chama kinapojenga jina lake haraka.

Wembe ni wa mteja mmoja, kisha unatupwa. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hivyo kuufuta wembe kwa kitambaa hakusaidii kitu. Homa hii ina chanjo, na mtu mzima huchomwa dozi 3. Chama kinaweza kuzungumza na kituo cha afya ili wanachama wote wapimwe na kuchanjwa.

Mkorogo usiwepo saluni. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Zebaki huharibu figo, na steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba kiasi kwamba hata jeraha dogo huchelewa kupona. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Mkipata kopo lisilo na lebo inayosomeka, au mkishuku mzigo wa duka fulani, pelekeni taarifa TBS kwa jina la chama. Msusi akilalamika peke yake huogopa kunyimwa bidhaa na muuzaji huyo kesho yake. Chama hakina hofu hiyo.

Kuhusu piko, tunasema bila kuzunguka: rangi ya nywele isichorwe kwenye ngozi ya bibi harusi. Ndani yake kuna kemikali iitwayo PPD ambayo huweza kuunguza ngozi na kuacha makovu. Mtu akishapata mzio wa PPD, mara nyingi hubaki nao maisha yake yote, na siku akipaka rangi kichwani uso unaweza kuvimba. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva. Hina inayotoka nyeusi tii kwa dakika chache imeongezwa kitu.

Dawa ya kulainisha nywele isipakwe kwenye kichwa chenye vidonda au kilichotoka kukunwa. Mpakaji avae glavu, na madirisha yafunguliwe. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulionyesha kwamba wanaotumia dawa hizo mara kwa mara walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya wasiozitumia. Mteja ana haki ya kuambiwa, kisha aamue mwenyewe.

Bei

Hapa tunawaonya. Vyama vingi hukimbilia kupanga bei moja kwa wote, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei. Kilicho halali, na chenye faida zaidi, ni kufundishana hesabu. Anayesuka rasta tangu asubuhi hadi jioni ajumlishe rasta zenyewe, mafuta, umeme, sehemu ya kodi ya fremu, na saa zake za kusimama. Wengi wakifanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza hugundua kwamba walikuwa wanasuka kwa hasara, na bei huanza kupanda kwa akili ya kila mmoja.

Mabinti wanaojifunza

Chama kisiwe cha wenye saluni peke yao. Binti awe na makubaliano ya maandishi yanayoeleza atafundishwa nini, kwa muda gani, na atalipwa nini. Wale waliojifunzia kazini bila kwenda chuoni wanaweza kupimwa na VETA kupitia urasimishaji wa ujuzi, wakapata cheti. Cheti hicho humfungulia mtu mlango wa hotelini na penginepo.

Kuanza

Kutaneni, chagueni viongozi wa muda, andikeni katiba fupi inayotaja ada, uchaguzi na namna ya kumwondoa kiongozi. Fedha zikae benki, na zitolewe kwa saini za watu zaidi ya mmoja. Mkianza kama kikundi, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi cha wanawake kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mkitaka chama kinachovuka mipaka ya wilaya, mwelekeo ni kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani.

Msisubiri muwe wengi. Mpitie jirani wa saluni ya pili, hata kama mnagombea wateja, mkubaliane siku ya kikao cha kwanza, na ajenda ya kwanza iwe wembe na chanjo.