Kiambaza Chembamba, Sauti za Jirani: Maswali ya Wakazi wa Mji wa Kale

Nyumba za kale za Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi cha nusu mita, na maneno ya chumbani yalibaki chumbani. Leo nyingi zimegawanywa kwa viambaza, yaani kuta nyembamba za ndani: fremu ya mbao iliyopigiliwa plaiwudi au bodi za jipsamu pande mbili. Haya ni majibu ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupunguza sauti zinazovuka kuta hizo.

Kwa nini namsikia jirani hata akikohoa?
Kiambaza chepesi hutikisika kama ngozi ya ngoma. Sauti huipiga bodi ya upande mmoja, kisha mbao za fremu na hewa iliyo katikati huipeleka hadi bodi ya pili. Tena, popote hewa ipitapo, sauti nayo hupita.

Nianzie wapi bila gharama kubwa?
Usiku, zima taa chumbani mwako, kisha mwenzako aliye upande wa pili apitishe tochi polepole kando ya sakafu, dari, fremu ya mlango na soketi. Kila mstari wa mwanga unaouona ni njia ya sauti. Utie alama ya chaki. Nyufa zizibwe kwa gundi ya silikoni, ambayo hubaki laini, na chini ya mlango uwekwe mpira. Mianya ya soketi aishughulikie fundi wa umeme, baada ya kuzima umeme.

Je, trei za mayai au sponji ya godoro husaidia?
Wengi wameambiwa hivyo, na dhana hiyo ina chanzo chake: vitu laini hupunguza mwangwi ndani ya chumba. Lakini ni vyepesi mno kuizuia sauti isivuke kwa jirani. Hatari kubwa ni kwamba hushika moto upesi, na moshi wa sponji una sumu. Tafadhali usivibandike ukutani.

Basi ni nini kinachofaa?
Mambo matatu: uzito, kitu cha kunyonya sauti katikati, na pande mbili zisizogusana. Fundi anaweza kuongeza bodi ya pili ya jipsamu juu ya iliyopo na kujaza uwazi wa ndani kwa sufi ya mawe, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, ambazo haziungui. Kama kiambaza ni kipya, kiwe na safu mbili za mbao, kila bodi na safu yake. Sauti hupimwa kwa desibeli. Zikipungua 10, sikio huisikia kama imepungua nusu.

Hewa yetu ya pwani inahitaji tahadhari gani?
Chumvi huleta kutu na mchwa hula mbao, kwa hiyo tumia skrubu zilizopakwa zinki na mbao zilizotiwa dawa. Ukuta wa kale wa chokaa hupumua unyevu. Usiufunike kwa saruji wala karatasi ya plastiki. Ukishuku kwamba bodi ya zamani ni ya asbesto, madini ambayo vumbi lake huleta saratani, usiikate wala kuitoboa, tafuta mtaalamu.

Je, nizibe uwazi ulio juu ya kiambaza?
Uwazi huo uliachwa ili upepo wa kusi na kaskazi upite. Usiuzibe ila chumba kiwe na dirisha lake la nje. Panapotumika jiko la mkaa, usizibe njia yoyote ya hewa: kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, huua watu wakiwa usingizini. Kiambaza pia kisizuie njia ya kukimbilia moto ukizuka.

Ni kweli kwamba Mji wa Kale haturuhusiwi kupiga hata msumari?
Si kweli, ingawa hofu hiyo inaeleweka kwa kuwa mtaa huu ni eneo la uhifadhi. Kabla ya kubomoa, kujenga au kugusa boriti, milango ya nakshi na kuta za kale, uliza Ofisi ya Uhifadhi wa Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na idara ya ujenzi ya Kaunti ya Mombasa. Mpangaji apate kwanza idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Na kelele zikizidi, nina haki gani?
Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha nje katika makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Zungumza na jirani kwanza. Isipofaa, andika siku na saa za kelele, kisha upeleke malalamiko kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, au kwa kaunti.

Nitajuaje kama kazi imefanywa sawasawa?
Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, rudieni jaribio la tochi. Alama za chaki zisipitishe mwanga tena, lakini ukisimama dirishani, upepo uendelee kukufikia.