Ugonjwa Upitao Kimya

Mwindaji hodari hahesabu wanyama kwa wale awaonao tu. Huamka alfajiri, akaenda mpaka ukingoni mwa mto, akainama na kutazama nyayo matopeni. Huenda jana alasiri aliona swala watatu, lakini nyayo zamwambia kwamba usiku walikuja kunywa maji zaidi ya thelathini. Wale watatu ni kweli, naye hakukosea kuwahesabu. Angekosea kama angerudi kijijini na kusema, "Katika pori lile mna swala watatu tu."

Somo letu la leo ni habari ya magonjwa, ambayo nayo huhesabiwa kwa njia mbili hizo: kwa wagonjwa waonekanao, na kwa nyayo.

Mgonjwa asiyejijua

Magonjwa mengi ya kuambukiza huletwa na vijidudu. Baadhi ya vijidudu hivyo ni vidogo mno, hata darubini za kawaida haziwezi kuvionyesha. Navyo huitwa virusi. Lakini kijidudu kimoja hakiwatendi watu wote sawasawa. Tuseme kimeingia katika nyumba ya watu sita. Bibi akalala kitandani akikosa pumzi. Baba akashikwa na homa siku tatu, kisha akaenda shambani. Dada akapata kikohozi kidogo, na baada ya juma moja hakikumbuki tena. Na mtoto wa darasa la sita hakusikia lolote, akaendelea kucheza mpira. Watu hao wanne wote wameingiwa na kijidudu kile kile.

Sasa fikirini. Ni nani atakayepelekwa hospitali? Ni bibi. Ni nani atakayeandikwa katika daftari la tabibu? Ni bibi peke yake. Daftari litasema kwamba nyumba ile ina mgonjwa mmoja, kumbe wako wanne. Tena majirani watauliza, "Bibi hatoki nje, ugonjwa ameupata wapi?" Wengine watamsingizia mgeni aliyelala pale juzi, na wengine watasema kwamba amerogwa. Hapana atakayemtazama yule mcheza mpira, maana hana dalili yoyote. Wahenga walisema kweli: Kikulacho ki nguoni mwako.

Meli iliyozuiliwa bandarini

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona, uitwao pia UVIKO-19, ulipokuwa ukienea duniani. Mwezi wa Februari mwaka huo meli kubwa ya abiria, jina lake Diamond Princess, ilizuiliwa katika bandari ya Yokohama, nchi ya Japani. Sababu yake ni kwamba abiria mmoja, aliyekwisha kushuka Hong Kong, alionekana kuwa na ugonjwa huo. Melini walikuwamo watu 3,711, abiria na wafanya kazi pamoja.

Katika nchi kavu watu wengi hupimwa wajionapo wagonjwa. Lakini katika meli ile matabibu waliwapima hata watu waliojiona wazima. Ilipofika tarehe 20 Februari, walikuwa wamewaona watu 634 wenye virusi. Katika hao, watu 328 hawakuwa na dalili yoyote siku ile walipopimwa. Yaani zaidi ya nusu! Baadhi yao waliugua baadaye, na wengine hawakuugua kabisa. Kama matabibu wangengoja mpaka mtu akohoe ndipo wampime, wengi wa hao wangewapita mbele ya macho.

Nyayo katika damu

Meli yaweza kuzuiliwa bandarini, na watu wake wakapimwa mmoja mmoja. Lakini nchi nzima haiwezi kufanyiwa hivyo. Basi twawezaje kujua ugonjwa umeenea kiasi gani? Hapo ndipo turudipo kwa mwindaji wetu.

Virusi viingiapo mwilini, mwili hutengeneza silaha za kupigana navyo. Silaha hizo huitwa kingamwili, nazo hukaa katika damu. Vita viishapo, virusi huondoka, lakini kingamwili huweza kubaki miezi mingi, hata kama mwenyewe hakujua kwamba vita vilipiganwa ndani yake. Hizo ndizo nyayo. Mtaalamu akipima damu na kuziona, hujua kwamba adui alipita hapa.

Nchi ya Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 12 Machi 2020. Watu walitazamia msiba mkubwa upesi. Lakini hata tarehe 31 Julai wagonjwa waliojulikana walikuwa 20,636, na waliokufa walikuwa 341. Likazuka swali: Je, ugonjwa haukuenea, au umeenea pasipo kuonekana?

Watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, walitafuta jibu kwa njia ya akili. Hawakupita nyumba kwa nyumba. Walikwenda penye damu iliyotolewa na watu wenye hisani kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali, wakapima sehemu ndogo ya kila damu. Damu hiyo ilitolewa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni mwaka ule ule, tena ilitolewa na watu waliojiona wazima, kwa kuwa mgonjwa haruhusiwi kutoa damu. Walipima damu ya watu 3,098. Katika watu 174 wakaona nyayo za korona.

Hata hivyo hawakukimbilia kutangaza hesabu hiyo. Walijua kwamba kipimo chaweza kukosea, tena kwamba watoa damu hawafanani na watu wote wa nchi kwa umri na kwa makao yao. Basi wakaisahihisha hesabu kwa uangalifu. Mwisho wakaona kwamba katika kila watu 1,000 wa Kenya, yapata 43 walikuwa wamekwisha kuingiwa na virusi. Katika miji mikubwa walikuwa wengi zaidi: Mombasa 80 katika kila 1,000, Nairobi 73, na Kisumu 55.

Chukueni kalamu zenu. Watu walipohesabiwa mwaka 2019, Kenya ilikuwa na watu zaidi ya milioni 47, ndio maelfu 47,000. Zidisheni 43 kwa 47,000, nanyi mtapata 2,021,000. Watu kama milioni mbili! Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana watoto wadogo na wazee sana hawatoi damu. Lakini hata tukiikata nusu, itabaki milioni moja, na daftari la mwisho wa Julai lilikuwa na watu elfu ishirini na kidogo. Daftari halikusema uwongo. Lilihesabu swala walioonekana mchana.

Makosa mawili

Asiyejua tofauti ya mgonjwa aliyejulikana na mtu aliyeingiwa huanguka katika mojawapo ya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuogopa kupita kiasi. Mtu husoma kwamba katika wagonjwa 20,636 wamekufa 341, akapiga hesabu, akaona kwamba wamekufa yapata 17 katika kila 1,000. Ndipo alipolia, akidhani kwamba ndivyo ilivyo kwa kila mtu aingiwaye na virusi. Amesahau kundi kubwa la watu waliopona kimya, ambao hawamo katika daftari.

Kosa la pili ni kudharau. Mtu husikia kwamba wengi hawakuugua, akasema, "Kumbe ugonjwa huu si kitu!" Huyu naye amesahau kwamba vifo pia hujificha. Katika mji wa Lusaka, nchi ya Zambia, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima maiti 364 zilizoletwa katika chumba cha maiti cha hospitali kuu. Maiti 70 zilikuwa na virusi vya korona. Katika watu hao 70, watu 51 walifia nje ya hospitali, na hapana hata mmoja wa hao 51 aliyepimwa ugonjwa huo alipokuwa hai. Huenda si wote waliouawa na korona. Lakini kama watafiti wasingewapima, hao 51 wangezikwa pasipo mtu kujua kwamba walikuwa nao. Basi hesabu ya mzaha mmoja isitufanye tusahau matanga ya jirani.

Mwenye busara asikiapo hesabu ya ugonjwa, haogopi upesi wala hacheki upesi. Huuliza kwanza: Ni nani waliohesabiwa? Na ni nani walioachwa?

Mtoto mmoja wa Malawi

Msidhani kwamba mambo haya ni ya korona peke yake. Ugonjwa wa polio, ambao huwapooza watoto miguu, una siri iyo hiyo. Katika watoto 200 walioingiwa na virusi vya polio, yapata mmoja tu hupooza. Waliobaki hupata homa kidogo, au hawapati neno. Lakini virusi hutoka katika choo chao, vikaingia katika maji na mikono ya wengine.

Mwezi wa Februari 2022 nchi ya Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja katika mji wa Lilongwe amepooza kwa polio. Mtoto mmoja tu! Hata hivyo mwaka ule mamilioni ya watoto wa Malawi, na wa nchi jirani za Tanzania, Zambia na Msumbiji, walitiwa matone ya chanjo mdomoni. Baadhi ya wazazi waliona ajabu. Lakini ninyi mliosoma somo hili hamtaona ajabu, maana mwajua kwamba nyuma ya mtoto mmoja aliyepooza huenda wako mamia wakimbiao na kucheza, nao wamebeba virusi.

Yatupasayo

Turudi sasa katika nyumba ile ya watu sita. Mtoto mcheza mpira hakutenda dhambi. Hakujua, na asiyejua hahukumiwi. Lakini ninyi sasa mwajua, na ajuaye ana wajibu.

Ukiwa na mafua au kikohozi kidogo, usiseme, "Ni mafua tu." Mafua yako madogo yaweza kuwa mauti ya babu yako. Funika mdomo kwa kitambaa au kwa kiwiko ukohoapo. Nawa mikono kwa sabuni. Fungua madirisha, upepo upite. Usimkaribie mzee wala mtoto mchanga mpaka upone. Na wakati wa ugonjwa mkubwa, yashike mambo haya hata ujionapo mzima, kwa kuwa kujiona mzima si hakika ya kuwa mzima. Tena mtu akiugua, usitafute wa kumlaumu. Mgeni anayesingiziwa huenda hakuleta neno, na aliyeleta huenda ni wewe.

Mambo hayo ni madogo, wala hayahitaji fedha nyingi. Lakini kumbukeni neno la wazee: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali

1. Kwa nini mwindaji hutazama nyayo, wala haridhiki na kuhesabu wanyama aliowaona?
2. Katika nyumba ya watu sita, ni wangapi walioingiwa na kijidudu, na ni wangapi walioandikwa katika daftari? Eleza sababu.
3. Katika meli iliyozuiliwa Yokohama, watu wangapi kati ya 634 walikuwa na dalili siku walipopimwa?
4. Kingamwili ni nini? Kwa nini zimefananishwa na nyayo?
5. Kama katika kila watu 1,000 wa Mombasa 80 walikuwa wameingiwa, katika mtaa wa watu 5,000 wangekuwa wangapi?
6. Taja makosa mawili ya mtu asomaye hesabu ya wagonjwa bila kufikiri.
7. Andika barua fupi kwa mjomba wako asemaye, "Mtoto mmoja tu amepooza, ya nini kuwachanja wote?" Mjibu kwa adabu.