TIYO INAVUJA: TUIFUNGE NAMNA GANI?



Somo letu la mara hii ni la kazi ya mikono, lakini liko na fizike ndani na hesabu kidogo. Tunataka kujifunza jinsi ya kufunga pahali tiyo ya maji inapoungana na robine, ao na pipa, ao na tiyo ingine. Pale kwenye kiungo njo maji yanapotorokea mara nyingi.

1. Tone moja ni kitu gani?

Wengi wanasema ati ni tone tu, tuliache. Basi tuhesabu. Matone karibu 20 yanafanya mililita 1. Kiungo kikitoa tone moja kila sekunde, kwa siku moja kinatoa matone 86.400. Tukigawanya kwa 20, tunapata mililita 4.320, ni kusema lita 4 na zaidi. Kwa siku 30 ni karibu lita 130. Hizo ni bidoni 6 na nusu za lita 20.

Sasa tuulize: nani alizipandisha zile bidoni? Butembo ni mji wa vilima. Chemchemi nyingi ziko chini bondeni, na manyumba na mashule ziko juu. Bidoni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, tena inapanda mgongoni mwa mtu. Mara nyingi mtu huyo ni mdogo wetu wa darasa la 7, asubuhi mbele ya kengele. Tone linaloanguka usiku ni jasho lake linaloanguka.

Kuko na jambo lingine kubwa zaidi. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, na ugonjwa ule ulianzia upande wa Mangina, karibu na Beni. Ulifika Beni, Butembo na Katwa, na haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2.200 walikufa. Katika mwaka 2021 ulirudi tena katika eneo letu, ingawa ulikuwa mdogo. Wakati ule kila mlango wa shule, wa kanisa na wa soko ulikuwa na pipa, robine na maji ya klori. Pipa ambalo robine yake inavuja linakauka mbele ya saa sita. Wanafunzi wanaotoka mapumziko wanalikuta tupu, wanaingia darasani na mikono vile iko. Basi kiungo kinachovuja kinaweza kuharibu kazi yote ya kujikinga, hata kama sabuni ingali pale.

2. Maji yanasukuma namna gani?

Tukumbuke somo la fizike. Nguvu ambayo maji yanasukuma nayo inatoka kwa urefu wake wa kwenda juu. Upana wa pipa haubadilishi kitu. Kila meta 10 za urefu zinafanya karibu bari 1.

Pipa likiwa juu ya kitanda cha mbao, na maji yake yakiwa meta 2 juu ya robine, maji yanasukuma kila sentimeta mraba kwa nyutoni 2 tu. Lakini tiyo ikiteremka kutoka chemchemi ya juu ya kilima, meta 30 juu yetu, kila sentimeta mraba inasukumwa kwa nyutoni 30. Ni mara 15! Njo maana kiungo kilichokaa vizuri kwa pipa kinaweza kuruka mara moja tukikipeleka kwa tiyo ya kilima. Fundi anauliza kwanza: maji haya yanatoka juu ya wapi?

3. Kwa nini kauchu ya juu haisaidii

Desturi yetu tunaijua wote. Tiyo ikivuja, tunakata kauchu ya mpira wa kinga, tunazungusha, tunakaza, tunafunga fundo. Siku mbili panakauka. Siku ya tatu maji yanatokea pembeni. Tunaongeza kauchu ingine, mpaka kiungo kinakuwa kama mguu wenye bandeji.

Sababu ni hii. Maji yanazuiwa ndani, pale mpira wa tiyo unaposhika chuma ao plastiki kwa kubanwa, ao pale pete ya mpira inapolala katika kiti chake. Kama pale ndani pamepasuka, ao pamejaa mchanga, kauchu ya juu inaficha tu njia ya maji. Maji yanatembea chini yake mpaka yanapata mlango. Basi kanuni ya somo hili ni moja: tufungue, tuone sababu, halafu tufunge. Kauchu ni ya kutusaidia mpaka kesho, isikae mpaka mwaka kesho.

4. Kazi yenyewe

Vyombo: kisu kikali, turnevisi, kitambaa kikavu, maji ya moto, kolye ya chuma yenye skrubu, na utepe wa tefloni.

a) Kutafuta pahali. Tupanguse kiungo chote mpaka kikauke. Tuanze kuangalia kutoka juu, kwa maana maji yanateleza: pahali yanapodondokea si lazima pahali yanapotokea. Karatasi kavu ikigusa kiungo, inalowa kwanza pale penye kosa.

b) Kufunga maji. Tufunge robine ya juu na kuacha maji yaliyo ndani ya tiyo yatoke. Tusifungue kiungo chenye maji yanayosukuma.

c) Kukata. Ncha ya tiyo ya zamani inakuwa ngumu na inapasuka. Tukate sentimeta 2 ao 3, sawasawa kama mkate, si kwa mshazari. Kama tiyo imebaki fupi sana, heri kuibadilisha kuliko kuivuta kwa nguvu.

d) Kuingiza. Kolye ivae tiyo kwanza! Wengi wanaisahau na wanaanza tena. Tuchovye ncha ya tiyo katika maji ya moto kwa dakika moja ili ilainike. Moto wenyewe tusiutumie, unaunguza mpira. Halafu tusukume tiyo mpaka ipite meno yote ya kichwa cha robine.

e) Kukaza. Kolye ikae nyuma ya jino la kwanza, si juu ya ncha kabisa. Tukaze mpaka tiyo isizunguke tukiishika kwa mkono, tena basi. Kukaza kupita kiasi kunakata mpira. Waya ya kawaida nayo inakata, kwa sababu ni nyembamba: nguvu yote inakaa pahali padogo.

f) Viungo vya kuzungusha. Kama kiungo kiko na pete ya mpira ndani, pete njo inayozuia maji. Tuitoe, tuioshe, tuitazame. Ikiwa imelala bapa ao imepasuka, tununue ingine. Pale hakuna lazima ya tefloni. Kama hakuna pete, basi tusafishe nyuzi za skrubu na tuzungushe tefloni mara 5 mpaka 8, kwa upande ule ule tunaokazia. Tukizungusha kinyume, utepe unafunguka wakati tunakaza.

g) Kushikiza. Tiyo yenye maji ni nzito. Ikining'inia, inavuta kiungo usiku na mchana. Tuifunge kwa ukuta ao kwa mti karibu na robine.

h) Kujaribu. Tufungue maji polepole. Tungojee nusu saa, tujaribu tena kwa karatasi kavu. Kesho yake turudi kutazama. Kazi ambayo haikutazamwa siku ya pili haijakwisha.

Tuongeze neno juu ya mapipa ya kunawia: klori inakausha mpira kidogo kidogo. Kwa hiyo pete za robine zile zitazamwe mara nyingi kuliko zingine.

5. Na tiyo zilizo juu ya gari?

Ulaya na Marekani kuna watu wanaosafiri katika gari lenye kitanda, jikoni na pipa la maji ndani. Shida yao moja ni hii yetu: viungo vya tiyo vinavuja. Gari linatikisika, na kila mtikisiko unalegeza kolye kidogo. Sisi hatuna magari ya namna ile, lakini tunaona malori yanayobeba mapipa ya maji, na yale ya barabara ya taifa namba 2 kati ya Butembo na Beni, ambayo injini zao zinapozwa na maji ya radiatere. Kanuni haibadiliki: kinachotikisika kitazamwe kila safari, na tiyo ifungwe isicheze.

Lakini wadogo wetu, sikieni vizuri: tiyo ya radiatere hatuigusi injini ikiwa moto. Maji yale yanaruka pamoja na mvuke na kuunguza uso. Ile ni kazi ya dereva na fundi wake, injini ikiisha kupoa.

6. Maswali ya kujipima

Swali la 1. Robine inatoa matone 2 kila sekunde. Bidoni ya lita 20 itakauka kwa saa ngapi?

Swali la 2. Mapipa mawili yana maji ya urefu sawa. Moja ni pana, lingine ni jembamba. Kiungo cha pipa gani kinasukumwa zaidi? Elezeni sababu.

Swali la 3. Kiungo chenye pete nzuri kinavuja. Mtaje sababu mbili ambazo si pete.

Majibu yaletwe kwa kapita wa darasa, naye atayapeleka kwa mwalimu wa fizike.

Mwisho, tunaomba jambo moja kwa kila darasa: wachaguliwe wawili, wa kiume na wa kike, wa kutazama viungo vya robine yao kila siku ya posho mbele ya kwenda nyumbani. Kolye ikikosa, wamwambie kapita, na sisi tutamfikishia Bwana Prefe. Katika Yohana 6:12 Bwana wetu aliwalisha maelfu, lakini hakukubali vipande vilivyobaki vipotee. Sisi ambao maji yetu yanapanda kilima mgongoni mwa watoto, tutawezaje kuyaacha yapotee?

Sisi makapita wa shule, mwaka wa mwisho