TIMU PUNGUFU UWANJANI

Somo la 12



Katika vijiji vingi vya Mkoa wa Dodoma, jua likipoa, vijana hukusanyika uwanjani kucheza mpira. Wakiwa wachache, hucheza watano kwa watano. Mchezo huu ni mzuri. Hauhitaji uwanja mkubwa wala watu wengi. Lakini una taabu moja. Mtu mmoja akikosekana, pengo lake huonekana mara moja. Katika timu ya watu 11, mchezaji mmoja ni sehemu moja kati ya 11. Katika timu ya watu 5, ni sehemu moja kati ya 5.

Je, timu iliyopungua icheze au iache? Tusome mfano huu. Ni wa kufikirika, lakini mambo kama haya hutokea.

Wachezaji wanne

Ulikuwa mwezi wa Mei. Mtama ulikuwa umekomaa, na ndege waitwao kweleakwelea walikuwa wengi mashambani. Timu ya kijiji ilikuwa na mchezo wa mwisho wa ligi ya kata, Jumamosi saa kumi alasiri. Walioandikishwa ni saba. Mmoja alikuwa na malaria. Mwingine alikuwa amesafiri. Walibaki watano. Saa kumi kasorobo walikuwa wamefika wanne tu.

Nahodha alimwendea mwalimu wa timu.

"Shikamoo, mzee. Tumebaki wanne. Wenzetu wana watano uwanjani na wawili wa akiba. Tuwaachie ushindi wa mezani?"

"Marahaba, mwanangu. Lete kwanza daftari la ligi. Tuhesabu, ndipo tuamue."

Kusoma msimamo wa ligi

Katika ligi hiyo, timu mbili za juu zingekwenda kwenye mashindano ya tarafa. Timu ya kwanza ilikuwa imekwisha kujulikana. Nafasi ya pili iligombewa na timu mbili. Daftari lilionyesha hivi:

Timu yetu: imecheza michezo 4, pointi 7, tofauti ya mabao 3.
Timu ya jirani: imecheza michezo 5, pointi 7, tofauti ya mabao 1.

Tofauti ya mabao ni mabao ya kufunga ukitoa mabao ya kufungwa. Timu zikilingana pointi, yenye tofauti kubwa hukaa juu. Ndivyo kanuni za ligi ile zilivyosema. Tena zilisema kwamba timu isiyocheza itahesabiwa imefungwa mabao 3 kwa 0.

Mwalimu akapiga hesabu na vijana wake.

Wasipocheza: 3 toa 3 ni 0. Watakuwa chini ya jirani.
Wakicheza na kufungwa kwa bao moja: 3 toa 1 ni 2. Watakuwa juu ya jirani.
Wakitoka sare: watapata pointi 1, jumla 8. Watakuwa juu ya jirani.

Basi kuacha mchezo kulikuwa hasara ya hakika. Kucheza kulikuwa na tumaini.

Sheria inasemaje?

Katika mpira wa watu 11, mchezo hauanzi wala hauendelei kama timu moja ina wachezaji pungufu ya 7. Katika mpira wa watu 5 unaoitwa futsal, unaofuata sheria za FIFA, idadi ya chini ni wachezaji 3. Kwa hiyo wanne wanaruhusiwa. Hata hivyo, kila ligi ina kanuni zake. Zisomwe kabla ya msimu kuanza, si siku ya ugomvi.

Sheria hii ina sababu. Tarehe 27 Novemba 2021, nchini Ureno, timu ya Belenenses ilikumbwa na ugonjwa wa korona. Iliingia uwanjani kucheza na Benfica ikiwa na watu 9 tu. Mmoja wao alikuwa kipa aliyecheza nafasi isiyo ya kipa. Mpaka mapumziko ilikuwa imefungwa mabao 7 kwa 0. Baada ya mapumziko walirudi watu 7. Punde mmoja akashindwa kuendelea, wakabaki 6. Refa akasimamisha mchezo. Wachezaji wakizidi kupungua, mashindano huisha na mateso huanza.

Upungufu si lazima uwe aibu

Majirani zetu wa visiwa vya Komoro wanatupa mfano mwingine. Mwaka 2022 walicheza kwa mara ya kwanza Kombe la Mataifa ya Afrika, nchini Kameruni. Tarehe 24 Januari walipambana na wenyeji. Makipa wao wote watatu walikosekana. Mmoja alikuwa ameumia, na wawili walizuiwa kwa sababu ya korona. Beki Chaker Alhadhur akavaa jezi ya kipa. Namba yake ilibandikwa kwa utepe. Dakika ya 7 nahodha wao, Nadjim Abdou, akapewa kadi nyekundu. Wakabaki 10, na golini hamna kipa wa kweli.

Wengi walidhani Komoro itafungwa mabao mengi. Haikuwa hivyo. Alhadhur aliokoa mipira kadhaa. Dakika ya 81 Youssouf M'Changama alifunga bao kwa mpira wa adhabu uliopigwa kutoka mbali. Kameruni ilishinda 2 kwa 1 tu. Komoro ilitoka mashindanoni, lakini ilitoka na heshima.

Namna ya kucheza mkiwa pungufu

Chukua uwanja wenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Eneo lake ni mita za mraba 800. Ukimwacha kipa, wachezaji 4 wakigawana, kila mmoja hupata mita za mraba 200. Wakiwa 3, kila mmoja hupata karibu 267. Mzigo wa kila mtu umeongezeka kwa theluthi moja. Kwa hiyo:

1. Msiukimbilie mpira wote pamoja. Kaeni kama mafiga matatu, wawili nyuma na mmoja mbele.
2. Zibeni katikati, mbele ya goli. Waacheni wapinzani wacheze pembeni, kwa sababu huko ni vigumu kufunga.
3. Mkiupata mpira, msiupige ovyo. Pasianeni taratibu. Mwenye mpira hupumzika, asiye nao hukimbia.
4. Kunyweni maji kabla ya mchezo na wakati wa mapumziko. Jua la Dodoma ni kali hata alasiri.
5. Anayeumia atoke. Pointi hazizidi mguu wa mtu.

Vijana wa mfano wetu walifanya hivyo. Walifungwa mabao 2 kwa 1. Tofauti yao ilibaki 2. Wakashika nafasi ya pili.

Na yule wa tano?

Jioni ilijulikana kwamba mchezaji wa tano alikuwa shambani akiamia ndege. Wenzake wengine walikasirika. Mwalimu akawaambia, "Ndege wakimaliza mtama, nyumba yake italala njaa. Kwenda shamba si kosa. Kosa ni kunyamaza."

Maneno hayo ni ya kweli. Mchezaji anayejua kusoma na kuandika angeweza kupeleka barua fupi kama hii:

"Ndugu Nahodha,
Salaam. Jumamosi sitaweza kucheza. Ndege wamevamia mtama wetu na sina wa kunisaidia kuamia. Tafadhali mwandikishe mtu mwingine mapema.
Mimi mwenzenu."

Barua hiyo ingefika Alhamisi, timu ingetafuta mtu. Au wachezaji wawili wangekwenda asubuhi kumsaidia kuamia, naye akapata nafasi ya kucheza saa kumi.

Ndivyo ilivyo hata katika kuchimba kisima au kujenga darasa. Asiyefika bila kutoa habari huwaachia wenzake mzigo wasioutarajia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maneno ya kujifunza

Kuamia: kulinda mazao yasiliwe na ndege.
Ushindi wa mezani: ushindi unaotolewa bila kucheza.
Theluthi: sehemu moja kati ya tatu.

Maswali

1. Kwa nini timu ilikuwa na watu wanne tu?
2. Kama wangefungwa mabao 3 kwa 1, tofauti yao ingekuwa ngapi? Nani angeshika nafasi ya pili?
3. Futsal haiendelei timu ikiwa na wachezaji pungufu ya wangapi?
4. Je, unakubaliana na maneno ya mwalimu juu ya mchezaji wa tano? Toa sababu.

Kazi ya kufanya

Andika barua fupi kwa mwenyekiti wa kikundi chako. Mweleze kwamba hutaweza kufika kazini kesho, taja sababu, na pendekeza nani ashike nafasi yako. Mkiwa darasani, someaneni barua zenu.