Frimasoni wa Bandari ya Hamburg

Huku kwetu jina la Frimasoni likitajwa watu hunong'ona habari za damu na utajiri wa ghafla. Kabla ya kunong'ona ni vema tujue historia. Basi safari hii tuutazame mji mmoja, Hamburg, bandari kubwa ya Ujerumani iliyo kando ya mto Elbe.

Chama hiki kilipata umbo lake London mwaka 1717, loji nne zilipoungana. Vifaa vya waashi, kama bikari na skwea, vilifanywa mifano ya tabia njema. Sheria zake, zilizopigwa chapa mwaka 1723, ziliandikwa na James Anderson, naye alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Hamburg ilifanya biashara na Waingereza, na desturi hiyo nayo ikavuka bahari: tarehe 6 Desemba 1737 ikaanzishwa pale loji ya kwanza ya Ujerumani. Mwaka uliofuata wajumbe wake walikwenda Braunschweig wakampokea usiku Friedrich, mrithi wa ufalme wa Prussia, bila baba yake kujua. Mwaka uo huo Papa Clement XII akawakataza Wakatoliki kujiunga, na sababu mojawapo ilikuwa siri hiyo yenyewe.

Je, siri ilikuwa nini? Mwandishi Lessing, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alitaka kujua, akapokelewa Hamburg mwaka 1771. Inasimuliwa kwamba baadaye aliulizwa kama ameona lolote la kupinga dini au serikali. Akajibu, laiti angaliliona, maana hapo angalau angalikuwa ameona kitu!

Jambo moja halikufichwa. Mwaka 1795 loji za Hamburg zilianzisha hospitali kwa ajili ya watumishi wa kike wa majumbani, watu ambao wakiugua ugenini hawakuwa na wa kuwauguza. Hiyo si kazi ya wachawi. Lakini udugu wao ulikuwa na mlango mwembamba: wanawake hawakuwa wanachama, na loji nyingi za Kijerumani ziliwazuia Wayahudi kwa muda mrefu.

Baada ya Ujerumani kushindwa vitani mwaka 1918, ulienea uvumi kwamba Frimasoni na Wayahudi ndio walioisaliti nchi. Jenerali Ludendorff aliandika kitabu kizima dhidi ya Frimasoni mwaka 1927. Wanazi wakautumia uvumi huo. Kufikia 1935 loji zote zilikuwa zimefungwa. Leo Müffelmann, aliyeanzisha Loji Kuu mpya huko Hamburg mwaka 1930, alitiwa katika kambi ya Sonnenburg mwaka 1933, akafa mwaka uliofuata. Baada ya vita ya pili loji za Hamburg zilifunguliwa tena, na ile ya 1737 ingalipo.

Kwa vikundi: someni Yohana 18:19-21, Bwana alivyomjibu Kuhani Mkuu juu ya mafundisho yake, kisha Kutoka 23:1. Je, Mkristo aweza kuapa kuficha neno ambalo bado hajaambiwa? Na jirani akishitakiwa kwa minong'ono tu, tufanyeje?