KULISHINDA ZIMWI LINALOJIPONYA: SOMO LA UWEZEKANO NA WASTANI

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, wanafunzi wenzangu walikuwa na desturi ya kukutana Ijumaa jioni kuzunguka meza moja, wakiwa na karatasi, penseli na dadu za maumbo mbalimbali. Usiku mmoja niliwakuta wamenuna. Mashujaa wao wanne, walioishi katika karatasi tu, walikuwa wameuawa na zimwi moja baada ya mapambano marefu ya panga. Wote walilaumu dadu. Nilizichukua karatasi zao nikapiga hesabu, nikaona kwamba dadu haikuwa na kosa lolote. Walikuwa wamekwisha kushindwa kabla ya pigo la kwanza.

Katika makala haya tutairudia hesabu hiyo hatua kwa hatua. Mwanafunzi anayejua sehemu, desimali na mlinganyo sahili ataweza kuifuata yote.

Mchezo wenyewe

Mchezo huo huitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 huko Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin. Mchezaji mmoja huwa msimulizi: yeye hueleza mahali, hatari na viumbe. Kila mmoja wa waliobaki huchukua nafasi ya mhusika mmoja wa hadithi na kusema atendalo mhusika huyo. Jambo lenye shaka, kama vile pigo la upanga, huamuliwa kwa dadu.

Dadu zitumikazo zina nyuso 4, 6, 8, 10, 12 au 20. Mwalimu wa jiometri atatambua kwamba, tukiiacha ile yenye nyuso 10, hayo ndiyo maumbo matano yabisi yanayojulikana kwa jina la Plato.

Tabia ya zimwi

Miongoni mwa viumbe wa mchezo huo yumo mmoja aitwaye Troll, jina lililotoka katika ngano za Skandinavia. Sisi tutamwita zimwi. Tutatumia kanuni za toleo la tano, zilizotolewa mwaka 2014. Kwa kanuni hizo zimwi lina alama 84 za uhai, na kiwango chake cha kinga ni 15. Kila zamu yake inapoanza, hujiponya alama 10. Hata likiangushwa hadi alama 0 haliwi limekufa: zamu yake ikifika hupata tena alama 10 na kuinuka.

Lakini lina udhaifu mmoja. Likiguswa na moto au tindikali, halijiponyi katika zamu inayofuata. Likiwa na alama 0 wakati huo, ndipo linapokufa kweli. Jambo hili linafanana na kisa cha Wayunani wa kale kuhusu Hydra, nyoka ambaye vichwa vyake vilipokatwa viliota vingine, hadi shingo zake zilipochomwa kwa moto.

Thamani ya pigo moja la upanga

Shujaa wetu hurusha dadu ya nyuso 20 na kuongeza 5, kwa ajili ya nguvu na ujuzi wake. Jumla ikifika 15, pigo limempata adui. Basi inampasa kupata 10 au zaidi katika dadu. Nyuso za namna hiyo, kuanzia 10 hadi 20, ni 11. Uwezekano wa kupiga ni 11/20, yaani 0.55.

Pigo likipata, shujaa hurusha dadu ya nyuso 8 na kuongeza 3 ili kujua ukubwa wa jeraha. Wastani wa dadu hiyo ni jumla ya namba 1 hadi 8, yaani 36, ikigawanywa kwa 8: tunapata 4.5. Tukiongeza 3 tunapata 7.5.

Sasa tunazidisha: 0.55 × 7.5 = 4.125. Kanuni inasema pia kwamba dadu ya nyuso 20 ikionyesha 20, dadu ya jeraha hurushwa mara mbili. Hilo hutokea mara 1 katika 20, nalo huongeza 4.5/20 = 0.225. Jumla ni 4.35.

Namba hii huitwa thamani tarajiwa. Hakuna pigo hata moja litakaloondoa alama 4.35 kamili, lingine litakosa, lingine litaondoa 11. Lakini mapigo yakiwa mengi, wastani wake utaikaribia namba hiyo.

Mbio baina ya jeraha na uponyaji

Tulinganishe sasa kasi mbili: kasi ya kujeruhi na kasi ya kupona, ambayo ni 10 kwa raundi.

Upanga 1: 4.35 kwa raundi. Zimwi hupona lote.
Panga 2: 8.70. Zimwi bado hupona lote.
Panga 3: 13.05. Zimwi hupoteza 3.05.
Panga 4: 17.40. Zimwi hupoteza 7.40.

Tazama safu mbili za kwanza. Mashujaa wawili wenye panga wanaweza kupigana toka macheo hadi machweo bila kufika popote. Bahati ya raundi mbili tatu yaweza kulijeruhi zimwi vibaya, lakini muda ukiendelea uponyaji huifuta bahati hiyo.

Wakiwa wanne, je? Tuseme zimwi linaanguka katika raundi ya n. Kabla ya pigo la mwisho litakuwa limejiponya mara n − 1. Hivyo:

17.4n − 10(n − 1) = 84
7.4n = 74
n = 10

Baada ya raundi kumi zimwi linaanguka. Kisha zamu yake inafika, linapata alama 10, linainuka! Panga zilizolishinda hazina uwezo wa kuliua.

Thamani ya moto

Tumwondoe shujaa mmoja wa upanga, mahali pake tumweke mchawi anayerusha mwali wa moto. Naye huongeza 5 katika dadu, kwa hiyo uwezekano wake ni 0.55. Jeraha lake ni dadu ya nyuso 10 bila nyongeza, wastani wake 5.5. Hesabu ni 0.55 × 5.5 = 3.025, na kwa ajili ya uso wa 20 tunaongeza 0.275. Jumla ni 3.30.

Mtu wa haraka atasema kwamba mchawi ni dhaifu, maana 3.30 ni ndogo kuliko 4.35. Hapa ndipo wenzangu walipokosea. Moto ukipata, zimwi linakosa alama 10 za uponyaji. Jambo hilo lina uwezekano wa 0.55, basi kwa wastani moto huzuia alama 5.5 kila raundi. Thamani yake kamili ni 3.30 + 5.50 = 8.80, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya upanga.

Uponyaji unabaki wastani wa 4.5 kwa raundi. Majeraha ya panga tatu na moto mmoja ni 16.35. Basi:

16.35n − 4.5(n − 1) = 84
11.85n = 79.5
n = 6.7

Raundi kumi zimepungua kuwa kama saba, na safari hii zimwi laweza kufa.

Je, tuongeze wachawi bila mwisho? La. Uwezekano kwamba wachawi wawili wote watakosa ni 0.45 × 0.45 = 0.2025, basi wa pili huongeza uzuiaji wa alama 2.475 tu. Wa tatu huongeza 1.11 hivi, ukijumlisha na jeraha lake unapata 4.41, karibu sawa na upanga. Zimwi haliwezi kuzuiwa kupona mara mbili katika zamu moja.

Zimwi nalo hupiga

Hesabu yetu haijakamilika, kwa kuwa zimwi halikai likisubiri. Kila raundi hung'ata mara moja na kuparura mara mbili. Huongeza 7 katika dadu yake. Mashujaa wakiwa na kiwango cha kinga 16, uwezekano wake wa kupata ni 12/20, yaani 0.60. Wastani wa kung'ata ni 7.5, na wa kila mparuro ni 11. Kwa jumla, pamoja na nyongeza ya uso wa 20, huondoa alama 18.6 hivi kwa raundi.

Tuseme kila shujaa ana alama 28 za uhai. Wanne wana 112, na 112 ÷ 18.6 ni 6 tu. Wenye panga nne walihitaji raundi kumi: hilo ndilo jibu la wale waliolaumu dadu. Hata kikosi chenye moto mmoja, kinachohitaji raundi 6.7, kimo hatarini. Tena hesabu hii inawapendelea mashujaa, maana anayeanguka njiani hapigi tena.

Sasa mwongeze mwenzao wa tano, wawe panga tatu na mioto miwili. Kwa njia ileile utapata n = 4.65, na uhai wao wote, alama 140, unatosha raundi 7.5. Mtu mmoja zaidi amefupisha vita upande mmoja na kurefusha uvumilivu upande wa pili. Kikosi kisichompata mtu huyo kina njia nyingine inayokubalika katika mchezo, nayo ni kuondoka mapema.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na dadu za namna hii isikate tamaa. Kata vipande 20 vya karatasi vilivyo sawa, viandikwe namba 1 hadi 20, vitiwe katika kopo. Kila kipande kinachotolewa kirudishwe na kopo litikiswe, la sivyo uwezekano utabadilika. Makundi ya wanafunzi yatoe vipande mara 100, yahesabu ni mara ngapi yamepata 10 au zaidi, kisha yalinganishe na 55.

Mwalimu asikilize yatakayosemwa. Baada ya kukosa mara nne mfululizo, mwanafunzi atadai kwamba sasa "ni zamu" ya kupata. Amrekebishe kwa upole: kopo halina kumbukumbu. Uwezekano wa mara ya tano ni uleule wa 0.55.

Hitimisho

Adui anayepona hashindwi kwa wingi wa mapigo peke yake. Ni lazima kasi ya kumjeruhi izidi kasi ya kupona kwake, au chanzo cha kupona kizibwe, nayo yote yafanyike kabla nguvu zetu hazijakwisha. Kanuni hii tunaikuta nje ya mchezo, wakati mwingine ikiwa imegeuzwa. Msitu nao hujiponya, kwa kasi yake. Tukikata miti polepole kuliko inavyoota, msitu hudumu. Tukizidisha, huisha, hata kama kila mkataji peke yake amekata kidogo tu. Hapo sisi ndio zimwi.

Maswali

1. Kikosi kina panga mbili na mioto miwili. Zimwi litaanguka katika raundi ngapi?
2. Kama kiwango cha kinga cha zimwi kingekuwa 18, panga nne zingehitaji raundi ngapi?
3. Tafuta uwezekano kwamba mchawi mmoja atakosa mara tatu mfululizo.

Majibu: (1) 6.2; (2) 25.5, (3) 0.091.