Mwaka Mmoja wa Kihamba: Somo la Bustani na Nyuki

Somo letu la mwezi huu lahusu shamba dogo la jamaa moja, na jinsi kazi za majira mbalimbali zinavyoshikana kama viungo vya mkufu. Twachagua kihamba cha Mchaga katika miteremko ya Kilimanjaro, kwa sababu hapo bustani, mifugo na nyuki hukaa pamoja mahali padogo. Wenzetu wa Usambara, Upare, Meru na nyanda za juu za kusini watayapima maneno haya kwa mvua na baridi ya kwao. Neno moja twataka likae moyoni mwa kila asomaye: anachokifanya mwenye shamba katika majira haya, hulipwa au hudaiwa katika majira yajayo.

1. Kihamba ni nini

Kihamba ni shamba lizungukalo nyumba, ambalo watoto hulirithi kwa wazazi. Kwa kawaida si kubwa; jamaa nyingi hazina hata hekta moja. Lakini udogo wake usitudanganye, maana hupandwa kwa orofa. Juu kabisa ipo miti mirefu, kama mringaringa na mgrivilea, itiayo kivuli na kutoa kuni na mbao. Chini yake ipo migomba. Chini ya migomba ipo mibuni, na chini ya mibuni yapo magimbi, maharagwe, mnafu na mboga nyingine. Ng'ombe na mbuzi hufungwa zizini, hukatiwa majani, na samadi yao hurudishwa kwenye mashina ya migomba. Maji hushuka kutoka mlimani kwa mifereji iitwayo mifongo, iliyochimbwa na wazee na kutunzwa kwa kazi ya shirika.

Wataalamu waliohesabu mimea ya vihamba vya Kilimanjaro wameona aina zaidi ya 500. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutia ukulima wa kihamba wa Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Basi mtu asikidharau kihamba cha baba yake akidhani ni ukulima wa watu wasiojua.

Katika mti mmojawapo, au chini ya mapaa ya nyumba, huning'inia mzinga. Wengi huuhesabu kuwa kitu cha pembeni, chombo cha kupatia asali tu. Na tuufuate mwaka, tuone kama ndivyo. Hatutaanza kwa Januari, bali kwa vuli, kwa kuwa hapo ndipo kahawa inapoanza safari yake.

2. Vuli: Novemba na Desemba

Mbuni uliokaa katika ukavu hungoja mvua. Mvua ikiisha kunyesha vizuri, baada ya siku 8 hata 12 mibuni huchanua pamoja, nayo matawi huwa meupe na harufu nzuri hujaa kihambani. Lakini ua la kahawa halikai sana; baada ya siku 2 au 3 hunyauka. Kazi yote yapaswa kutendeka katika siku hizo chache.

Kazi hiyo ni ipi? Ni kuchukuliwa kwa chavua, yaani unga wa sehemu ya kiume ya ua, na kutiwa katika sehemu ya kike ya ua. Yaitwa uchavushaji. Kahawa ya arabika, ndiyo ilimwayo Kilimanjaro, yaweza kujichavusha yenyewe. Walakini nyuki wakiitembelea, huzaa vizuri zaidi. Mwaka 2014 wataalamu waliofanya uchunguzi katika mlima huu huu walitangaza matokeo yao: wadudu wachavushaji waliongeza uzito wa matunda ya kahawa kwa asilimia 7 hivi, na ndege na popo walao wadudu waharibifu waliongeza matunda yaliyoshika kwa asilimia 9 hivi. Asilimia 7 maana yake ni kwamba aliyetazamia kilo 100 hupata kilo 107, bila kununua mbolea wala kuongeza jembe.

Si mimea yote iliyo sawa katika jambo hili. Mgomba wa kula huzaa ndizi bila chavua, ijapokuwa ua lake huwapa nyuki chakula. Maharagwe kwa sehemu kubwa hujichavusha. Lakini mboga ya boga ina maua dume na maua jike mbalimbali, na pasipo mdudu wa kuchukua chavua kutoka huku kwenda huku, kijiboga hunyauka kingali kidogo. Mparachichi nao huwahitaji sana wadudu. Basi mama alalamikaye kwamba maboga yake hayashiki, asitazame udongo peke yake, na atazame pia kama nyuki wapo.

Katika siku hizi za maua yatupasa kujizuia na jambo moja: kunyunyiza dawa ya kuua wadudu juu ya maua yaliyofunuka. Dawa haichagui, humwua mharibifu, nayo humwua mtenda kazi. Ikiwa dawa haina budi kutumika, ingojewe mpaka maua yaishe, na ipigwe jioni nyuki wakiisha kurudi mzingani. Jirani mwenye mizinga naye apewe habari mapema, maana nyuki hawajui mpaka, nao huenda hata kilometa 2 au 3 kutafuta chakula.

3. Kiangazi: Januari na Februari

Jua ni kali, nayo bustani ya mboga yaishi kwa maji ya mfongo. Huu ni wakati wa kupogolea mibuni, kufunika udongo kwa majani makavu ya migomba, na kusafisha mifereji kabla ya masika. Nyuki nao huhitaji maji. Chombo kisicho na kina, chenye maji na vijiwe vya kutulia, kikiwekwa kivulini, huwatosha, nao hawatasumbua mtungi wa nyumbani.

Majira ya kurina asali si mamoja kila mahali, kwa kuwa maua hayachanui siku moja mlimani na tambarare. Basi ishara tusiitafute katika kalenda, tuitafute katika sega. Asali ikiiva, nyuki huifunika kwa nta nyeupe. Asali isiyofunikwa ina maji mengi, nayo huchacha upesi.

Mizinga mingine huwa imejaa wakati huu, na hapa ndipo lilipo jaribu kubwa la mwaka. Januari shule hufunguliwa, na mtoto ahitaji sare, viatu na madaftari. Fedha ya kahawa huenda imekwisha kutumika. Mzinga unaning'inia pale, nao ni mzito. Mtu husema moyoni, "Nitachukua yote leo, nyuki watatengeneza nyingine." Hatumlaumu kwa shida yake, maana shida ya mtoto ni ya kweli. Lakini na tuuhesabu mwaka mpaka mwisho kabla ya kupandisha ngazi.

4. Masika: Machi, Aprili na Mei

Mvua kubwa huja. Watu hushuka katika mashamba ya chini kupanda mahindi na maharagwe, na juu kihambani magugu huota usiku na mchana. Mwenye nyumba hutia samadi, hupanda machipukizi ya migomba, na huzibua mitaro ili udongo usichukuliwe.

Nyuki wafanya nini siku hizo? Mvua inyeshapo hawaruki. Siku hufuata siku wakiwa ndani, wakila walichoweka. Wanao watoto wa kulisha, na malkia wa kutunza. Nyuki mtenda kazi huchukua siku 20 hivi tangu yai hata kutoka katika kitundu chake. Kisha hufanya kazi za ndani majuma kadha kabla ya kutoka kwenda mauani. Katika siku za kazi nyingi umri wake hauzidi sana majuma 6. Kwa hiyo mzinga ulioachwa bila watoto, yaani sega lao lilipokatwa pamoja na la asali, utakosa watenda kazi majuma mengi baadaye.

Tena nyuki wa Afrika ana desturi yake: akiona njaa, au akisumbuliwa kupita kiasi, huhama. Hakai kufa mahali pamoja. Kundi zima huondoka, na mzinga hubaki mtupu. Hapo deni la Januari hudaiwa.

5. Kipupwe na ukavu: Juni mpaka Oktoba

Mawingu huufunika mlima, na baridi huingia mifupani. Maharagwe ya tambarare huvunwa, kisha mahindi. Toka Julai kahawa huanza kuiva, nayo huchumwa mara kwa mara, matunda mekundu tu, mpaka mwisho wa mwaka. Tangu ua kuchanua hata tunda kuiva hupita miezi 7 hata 9. Basi tunda tulichumalo Agosti ni kazi ya nyuki wa mwaka uliopita, na nyuki tuliyemfukuza Januari ni pengo la kapu la mwaka ujao.

Siku zinapokauka, Septemba na Oktoba, maua hupungua mahali pengi, na akiba ya mzingani huhitajiwa tena. Huu pia ni wakati mzuri wa kutengeneza mizinga mitupu, kuipaka nta kwa ndani ili iwavute nyuki wahamao, na kuining'iniza kwa waya. Waya upakwe grisi, siafu wasipite. Mzinga wa gogo wafaa, ila kuukagua ni vigumu. Mzinga wa sanduku lenye fito za juu ni rahisi kwa fundi wa kijijini. Kila ufito uwe na upana wa milimita 32, kwa kuwa nyuki wetu hujenga masega yao kwa nafasi hiyo. Ndipo mtu aweza kuinua sega moja moja, kutazama, na kurudisha lenye watoto.

6. Jinsi ya kurina bila kufukuza

Kazi ifanyike jioni, jua likiisha kupungua ukali. Mrina asali avae nguo zifunikazo mwili, avute moshi wa taratibu wa nyasi au maranda makavu, wala asitumie mwali wa moto. Moto huwachoma nyuki, huiharibu asali, na mara nyingi umeteketeza msitu. Watoto na mifugo iondolewe karibu. Achukue masega yaliyofunikwa nta tu. Sega lenye watoto asilikate hata moja. Anayeanza kazi hii aache nusu ya asali. Akiisha kuijua tabia ya mahali pake, atajua kipimo. Nta asiitupe. Ichemshwe katika maji, ichujwe kwa kitambaa, nayo ikipoa huganda juu. Huuzwa au hutumiwa kuvutia kundi jipya.

Sasa na tuzifikirie nyumba mbili zilizo jirani, kila moja ina mizinga 2. Ya kwanza yachukua asali yote Januari na kununua vyote vya shule. Masika nyuki wahama. Mwaka wa pili hakuna asali, maboga ni machache, kahawa ni nyepesi, na mahitaji ya shule yapo pale pale. Ya pili yachukua nusu. Yanunua sare na madaftari, na viatu vyangoja mavuno ya maharagwe. Mtoto huenda shule na viatu vya zamani miezi kadha. Jambo hilo si dogo kwa mtoto, wala tusilifanye dogo. Lakini mwaka wa pili nyuki wapo, na asali ipo, na wa tatu vivyo hivyo.

Wahenga walisema, "Fuata nyuki ule asali." Kumfuata ndiko kuzijua njia zake na majira yake. Anayemfukuza hawezi kumfuata tena. Basi mzinga si kitu cha pembeni. Ukiutoa katika kihamba, kiungo cha mkufu kimekatika. Na hasara yake haionekani siku ile ile, ndiyo maana watu wengi hawaijui.

Maswali ya kujifunza

Tafadhali yasomeni maswali haya nyumbani, baba, mama na watoto pamoja, mkajibu kwa habari za shamba lenu.

1. Katika kihamba chenu, mimea gani huhitaji nyuki, na ipi huzaa bila wao?

2. Mvua za vuli zikianza, mibuni yenu huchanua baada ya siku ngapi? Andikeni tarehe mwaka huu.

3. Ni miezi gani maua huwa machache kwenu, na nyuki hula nini wakati huo?

4. Jirani zenu hunyunyiza dawa lini? Mmekwisha kusemezana nao?

5. Hitaji gani la nyumba huwashawishi kuchukua asali yote, na ni kitu gani kingine kingeweza kulitimiza, au kulingojesha kidogo?